Mama Subiri na Utepe Uliokatwa Kabla ya Mgeni Rasmi

Ijumaa hii, tarehe thelathini, muuguzi wa mapokezi ya dharura anavua sare baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi katika hospitali hii. Katika muda huo wamepita wakurugenzi saba, rangi nne za ukuta na kaulimbiu zisizohesabika. Yeye hakupita. Alikaa palepale kwenye meza inayotazamana na mlango wa magari ya wagonjwa, akimkagua kila anayeingia kabla mwenyewe hajajua kwamba anakaguliwa.

Jina lake la kwenye faili analijua mhasibu. Sisi wengine, pamoja na mji mzima, tunamwita Mama Subiri. Wagonjwa ndio waliompa jina hilo, tena kwa hasira, kwa sababu kila aliyefika pale akihema na kulalamika aliambiwa, "Subiri kidogo, mpenzi, kaa hapo." Wageni walidhani ni jeuri. Wenyeji tulijua kwamba ukiambiwa subiri na mama huyu, umeshapimwa. Ameshaangalia rangi ya midomo yako, amesikia unavyovuta pumzi, ameona ulivyopanda ngazi, na ameridhika kwamba jioni utaiona. Mke wangu alipopelekwa pale akiumwa tumbo, alinipigia simu akishangilia: "Kaniambia nisubiri!" Wa kuogopa alikuwa yule ambaye hakuambiwa kitu. Ukimwona Mama Subiri ameinuka kimyakimya na kukujia mbiombio, ujue mambo yako si mazuri.

Ninayeandika haya ni mtunza stoo. Nimempa glavu, pamba, sabuni na visingizio kwa miaka mingi, na katika vyote hivyo ni visingizio tu alivyokataa kuvipokea. Nimeombwa niandike, kwa kijitabu cha sherehe ya kumuaga, maneno mafupi, ya furaha, yasiyomgusa mtu. Nitajitahidi kwa hilo la furaha.

Alianza kazi wodi ya watoto, akahamishiwa upasuaji, kisha akapelekwa dharura kwa wiki mbili kumshikia mtu aliyekwenda likizo. Mtu yule hakurudi, na hakuna aliyekumbuka kumrudisha Mama Subiri. Ndivyo hospitali yetu inavyopanga watumishi wake, na mara hiyo moja ilipatia.

Kazi ya meza ile ni moja: kuamua nani anatangulia. Inaonekana nyepesi mpaka uikalie. Mbele yako kuna watu arobaini, kila mmoja ana hakika kwamba yeye ndiye anayekufa, na daktari ni mmoja. Mama Subiri aliwafundisha wauguzi wapya waache kuwaendea wanaopiga kelele. Alisema mtu anayepiga kelele ana pumzi ya kupigia kelele, kwa hiyo wamtafute aliyenyamaza. Wale wapya waliliandika neno hilo kwenye madaftari yao, kisha wote wakakimbilia kwenye kelele, na yeye akawarudisha mmoja mmoja kwa kuwashika kola.

Siku moja kijana aliletwa na ukoo mzima, amebebwa juujuu, analia kwamba anakufa na kuwaomba wote msamaha. Mbele kabisa alikuwepo mjomba wake, mtu mzima, amemshika mabega, hasemi neno. Mama Subiri aliwapita wote, akamshika mjomba mkono, akamkalisha kwenye kiti cha magurudumu na kuondoka naye. Ukoo ulipigwa na butwaa, ukamwachia kijana akaanguka sakafuni. Kijana alikuwa ameteguka kifundo cha mguu. Mjomba alikuwa na kidonda cha tumbo kilichokuwa kikivuja damu tangu juzi yake, na alinyamaza kwa sababu siku hiyo zamu ya kuugua haikuwa yake. Mjomba alipona. Kijana mpaka leo hasalimii nesi yeyote.

Msomaji asidhani alikuwa hakosei. Alikosea. Kuna bwana mmoja wa jino aliyeambiwa asubiri, akasubiri, akachoka, akaenda kung'olewa kwingine, kisha akarudi na jino lenyewe kwenye kitambaa na kuliweka mezani kwake. Mama Subiri alilitazama jino, akaona lilivyooza mpaka kwenye mzizi, akasimama na kumwomba radhi mbele ya benchi zima. Yule bwana hakutegemea. Alikuwa amejiandaa kwa ugomvi wa nusu saa, akabaki na jino lake mkononi, hana pa kuupeleka ugomvi wake.

Utawala ulipoleta kampeni ya Huduma kwa Tabasamu, kila kitengo kilifungiwa kioo ukutani ili mtumishi ajitazame anavyotabasamu. Hela zilizonunua vioo hivyo zilikuwa za mashuka, mimi ndiye niliyepokea vioo badala ya mashuka. Mama Subiri alikipenda sana kioo chake. Alikigeuza kidogo pembeni, na tangu hapo akawa anaona benchi la nyuma yake bila kugeuka. Afisa uhusiano alimpiga picha akikitazama kioo kwa makini, picha ikabandikwa kwenye mbao za matangazo kama mfano wa kuigwa. Wakati ile picha inapigwa alikuwa anahesabu pumzi za mtoto aliyekaa mstari wa tatu.

Wakubwa nao walifika, kwa njia ya wakubwa. Shemeji wa mkurugenzi mmoja aliingia na kidole kilichochomwa na mwiba wa waridi, akapita foleni nzima na kuuliza kama nesi anamjua yeye ni nani. Mama Subiri alimuuliza, "Nikikujua, kidole kitapona?" Shemeji akaketi. Mama Subiri aliitwa ofisini kwa jambo hilo, akaenda baada ya kumaliza foleni, na mkurugenzi akawa ameshakwenda nyumbani kwa kuchoka kumngoja.

Siri za watu alizitunza mpaka zikamgharimu. Mdogo wake wa kuzaliwa naye alimnunia mwaka mzima kwa sababu mume wake, yaani shemeji, alionekana kwenye benchi letu na Mama Subiri akakataa kusema alifuata nini. Dada mtu alibembelezwa, akatishwa, akaletewa mama yao mzazi aje kumwamuru. Hakusema. Mimi nilikuwepo siku hiyo na ninajua shemeji alifuata nini, na kwa heshima ya Mama Subiri nami sisemi, ingawa inanikereketa.

Wasifu uliopitishwa na Afisa uhusiano umeshaishia zamani. Wasifu huo una aya mbili, neno mchapakazi limo mara tatu, na umeandikwa vizuri. Lakini karatasi na mashine ya kuchapia vipo stoo, na mliosoma mpaka hapa mmeshaona kwamba kilichochapwa ni kingine. Niacheni nimalizie. Mimi nimeshakufa mara moja mbele ya uongozi, kunitisha tena ni kazi.

Ilikuwa miaka tisa iliyopita. Tulipewa msaada wa mashine ya kushtua moyo, na mgeni rasmi akaalikwa kuja kuizindua. Katibu wa hospitali wa wakati ule aliikagua wodi ya dharura asubuhi na kuona ina kasoro moja kubwa: wagonjwa. Walikuwa wamekonda, wanakohoa, mmoja alikuwa na ndoo. Akaagiza wahamishiwe nyuma, kwenye chumba kilicho jirani na dobi, panapofuliwa mashuka, kwa saa chache tu. Mama Subiri alipinga. Alisema wengine hawafai kusogezwa, na huko nyuma hakuna daktari wala vifaa. Aliambiwa asiharibu siku. Basi akasema wanakokwenda wagonjwa naye anakwenda, na akaenda peke yake.

Wodi ilipobaki tupu, Katibu akagundua kwamba hospitali isiyo na wagonjwa inatia shaka. Ndipo ukaja uamuzi ambao sijapata kusikia popote pengine: watumishi wenye afya walale vitandani. Wakachaguliwa wenye miili ya kupendeza. Mimi nilipewa kitanda cha kwanza, kwa sababu nina shavu. Nilifungwa dripu kwa plasta juu ya ngozi, nikafunikwa shuka jipya nililojiandikia mwenyewe kwenye daftari la stoo, na pembeni yangu ukasimamishwa mtungi wa oksijeni uliojaa, umesuguliwa mpaka unang'aa. Afisa uhusiano alitufanyisha mazoezi ya kuguna. Mimi niliambiwa ninaguna kwa kelele mno, nigune kama mtu anayepata nafuu.

Tulikuwa tumelala hivyo, mgeni yuko kwenye ngazi, Mama Subiri alipoingia kwa mlango wa nyuma. Huko kwenye dobi kulikuwa na bibi mmoja aliyekuwa akivuta pumzi kwa msaada wa oksijeni, na mtungi wake ulikuwa unakaribia kwisha. Mitungi iliyojaa yote ilikuwa mbele, kwenye maonyesho. Alikuja kuuchukua ule wa pembeni yangu. Aliushika, akautoa mahali pake, ndipo akanitazama.

Mimi nilikuwa nimenyamaza. Taya lilikuwa linaniuma kwa namna nisiyoielewa, mkono mzito, na jasho linanitoka kwenye shuka jipya. Katibu, kutoka mlangoni, alininong'oneza kwa furaha, "Safi sana! Endelea hivyohivyo!" Wenzangu wa vitanda vya jirani waliniambia baadaye kwamba walinionea wivu kwa jinsi nilivyouvaa ugonjwa. Nikamwambia Mama Subiri, "Niko sawa, sista." Ndilo neno langu la mwisho kwa siku ile, na lilikuwa la uongo.

Yaliyofuata nimeyapata kwa waliokuwepo. Moyo wangu ulisimama wakati mgeni rasmi anakanyaga kizingiti. Mashine ya kushtua moyo ilikuwa palepale, imefunikwa kitambaa cha rangi ya zambarau na kuzungushiwa utepe mwekundu, na mkasi wa dhahabu ulikuwa juu ya mto, mikononi mwa binti aliyevaa gauni la sherehe. Mama Subiri alitoa mfukoni mkasi wake wa bendeji na kuukata utepe. Alimwita daktari, ambaye alikuwa kwenye mstari wa kupeana mikono, na daktari alikuja kwa kuruka kitanda, apewe haki yake. Kisha Mama Subiri, kabla hajaweka mikono kifuani kwangu, alimgeukia mtu aliyekuwa karibu zaidi, aliyekuwa Katibu, akamwambia wote wakisikia: "Peleka mtungi huu nyuma kwa bibi. Sasa hivi." Katibu alitikisa kichwa kukubali. Wote walimwona.

Mgeni rasmi alipelekwa haraka chumba cha pili. Kwa kuwa hapakuwa na utepe mwingine, Afisa uhusiano alifunga bendeji kutoka nguzo hadi nguzo, na mgeni akaikata kwa mkasi wa dhahabu. Ile picha bado ipo pale mapokezi, mkiitazama vizuri mtaona bendeji. Mimi nilirudiwa na fahamu wakati watu wanapiga makofi huko chumba cha pili, nikadhani ninapigiwa mimi.

Mtungi haukwenda. Katibu aliusogeza kidogo, akaurudisha mahali pake, akauzungusha ili upande uliosuguliwa utazame wageni, akawafuata. Labda alikusudia kuupeleka baada ya picha. Mama Subiri aliponiachia mikononi mwa daktari na kukimbilia dobi, bibi alikuwa ameshafariki.

Kamati ya nidhamu ilikaa wiki iliyofuata. Shtaka lilikuwa kuzindua kifaa cha hospitali bila mamlaka. Walijadili utepe kwa saa tatu: urefu wake, rangi yake, na fedheha aliyoipata mgeni. Mama Subiri alipotaja mtungi, mwenyekiti alimkumbusha kwamba mtungi haumo kwenye ajenda. Familia ya bibi iliambiwa kwamba mama yao alihamishwa kwa sababu alikuwa anaendelea vizuri, na kwamba umri nao ulikuwa umekwenda. Kisha kamati ikamwekea Mama Subiri sharti jepesi. Nafasi ya muuguzi mkuu ilikuwa wazi na ilikuwa yake. Aombe tu radhi kwa utepe.

Alijibu kwamba radhi anayo, ila si ya kwao.

Akaenda nayo kwa mwenyewe. Bibi alikuwa na binti mmoja, fundi cherehani, anayeshona kwenye kibaraza cha nyumba yake. Mama Subiri alimfuata siku yake ya mapumziko, bila kutumwa na mtu, akamweleza yote: kwamba mama yake alihamishwa kwa ajili ya mgeni, kwamba kulikuwa na watu wawili wanaokufa na mikono miwili tu, kwamba yeye alimchagua mwanamume wa kitanda cha kwanza, na kwamba mtungi aliukabidhi kwa mtu asigeuke kutazama kama mtu huyo amekwenda. Hilo la mwisho ndilo alilojilaumu kuliko yote. Binti alisikiliza mpaka mwisho, akainuka kwenye cherehani, akaingia ndani, akafunga mlango.

Mama Subiri alirudi kazini. Cheo cha muuguzi mkuu kilikwenda kwa mwingine. Tangu hapo, akimkabidhi mtu jambo, humtaka alirudie kwa mdomo wake, kisha humsindikiza kwa macho mpaka akate kona. Wauguzi vijana walimcheka sana kwa hilo. Sasa wanafanya hivyo wote, na anayecheka simwoni.

Mimi alinitendea kama kawaida, hakuwahi kunisimanga hata kwa utani. Mara moja tu, alipokuja stoo kuchukua glavu, alisimama dirishani kwangu, akasema, "Yule binti wa bibi hajanijibu." Akachukua glavu zake akaenda. Sikulala vizuri siku nyingi. Kuwa hai ni jambo zuri, ninalipendekeza kwa kila mtu, lakini ninajua ni nani aliyeachwa ili mimi nitangulizwe, na inaniuma. Cheo Mama Subiri hakukihitaji, na nishani atakayopewa leo ataiweka kabatini chini ya mataulo. Kitu kimoja tu alichokitaka kwa miaka tisa ni jibu kutoka nyuma ya mlango ule, na anaondoka kazini bila kulipata.

Yule Katibu, kama mnavyoona, alipanda cheo, na leo ndiye mgeni wetu rasmi. Uongozi umemwomba Mama Subiri, katika kipengele cha Neno la Mstaafu, atamke japo sentensi moja ya masikitiko kuhusu utepe, ili nishani itolewe kwa moyo mweupe. Sijui atasema nini. Najua tu kwamba hatasema hilo.

Kwa sababu hiyo, wiki iliyopita nilivaa shati langu zuri nikaenda kwa fundi cherehani. Nilijitambulisha kwamba mimi ndiye wa kitanda cha kwanza. Nilikuwa nimejiandaa kufungiwa mlango, hata nilisimama mbali kidogo ili usinipige pua. Aliniuliza kama moyo bado unanisumbua. Nikasema hapana. Kisha akaniambia maneno haya, na nimeyaandika kama alivyoyasema:

"Nilimfungia mlango kwa sababu ni yeye peke yake aliyekuja. Hao wengine ningewafungia mlango gani?"

Akaniuliza sherehe inaanza saa ngapi.

Viti vya ukumbi ni mali ya stoo, na anayevipanga ni mimi. Mama Subiri, kwa niaba ya watumishi wote, kwa niaba ya mjomba na tumbo lake, na kwa niaba ya moyo wangu ambao bado unafanya kazi kwa saa za ziada bila malipo, tunakushukuru. Tunakuombea usingizi mrefu, miguu isiyovimba, na nyumba ambayo hakuna anayekuita mara mbili. Fundi cherehani ameketi safu ya mbele, mkono wa kulia wa mgeni rasmi, amevaa gauni la buluu alilolishona mwenyewe kwa ajili ya leo. Inuka uende kwake kwanza. Hotuba zitakuwepo, wala hakuna hotuba iliyowahi kuzidiwa kwa kusubiri.